Jina la Kaimu

Jumanne, 1 Agosti 1950. Kambini, Nachingwea.

Augustino amepata somo mwingine! Wa tano! Letisia, mke wa Kornel dereva wa katapila, kajifungua alfajiri, na kabla jua halijapanda mtoto keshaitwa Augustino. Kisa? Eti Augustino, ambaye ni dresa tu, mfunga vidonda wa zahanati, alimpa mama dawa ya homa mwezi wa Juni. Dawa yenyewe si yake. Mimi ndiye niliyeandika hati ya kuitoa stoo. Nani kanikumbuka? Hakuna.

Sasa anapita kambini akiita mlango hadi mlango. Somo, hujambo? Somo, umelalaje? Vitoto vinamchekea, vibogoyo vyote! Mwenye jina lako ni zaidi ya ndugu, kila mtu anajua. Ukizeeka atakutekea maji, ukifa atalibeba jina lisianguke. Kwetu Likunja mtu asiyempata wa kumrithi jina huzikwa nalo.

Mimi sina somo hata mmoja. Nimeuliza watu wa Songea, wa Masasi, wa Newala, hata Wanyasa. Hakuna Kaimu mwingine. Naitwa Kaimu bin Saidi, umri miaka arobaini na miwili, kazi kaimu karani. Ndiyo. Kaimu, kaimu karani. Wanaotaka kucheka wamekwisha kucheka. Karani mwenyewe anatazamiwa kufika kutoka Lindi tangu mwaka 1947, na mimi namshikia kiti.

Kambi hii yote imeingiwa na ugonjwa wa neno hilo. Daraja la magogo linaitwa daraja la kaimu, maana la chuma halijafika. Jiko la mabati ni jiko la kaimu. Kornel anavaa kiatu cha kaimu mguu wa kushoto. Kila kitu cha kushikiza kinapewa jina langu, ila binadamu!

Mke wangu Zena aliondoka mwaka 1944, hatuna mtoto. Alisema nyumba yangu ina maneno mengi na watu wachache. Sijamwelewa mpaka leo.

Lakini mpango ninao. Jirani yangu Amiri, mtunza stoo, mkewe Hajira ni mjamzito, siku zenyewe ndizo hizi. Ukuta wetu ni mmoja, wa matete. Akikohoa namwambia pole. Mtoto huyo ataitwa Kaimu. Bado sijawaambia wazazi.

Alhamisi, 3 Agosti.

Nimeanza na utaalamu. Mtu mwenye daftari huaminiwa. Nimechukua daftari jipya la ofisini, nikaandika juu kwa wino mwekundu: MAJINA NA MAANA ZAKE. Nitakusanya majina ya Waislamu, ya watu wa misheni, ya Wahindi, ya Wazungu. Sifa zitaenea. Amiri atakuja mwenyewe kuuliza jina zuri la mtoto, nami nitamfungulia ukurasa wa K.

Taabu ni kwamba majina ya misheni yanatoka Kilatini, na mwenye Kilatini kidogo hapa ni Augustino. Nimeyameza, nimemwendea. Nimemuuliza kwanza jina lake. Akasema maana yake ni mtukufu. Bila shaka! Letisia ni furaha, Aurelia ni dhahabu, Kornel ni pembe.

Kornel hakufurahi. Wenzake wamemuuliza kutwa nzima pembe ya pili iko wapi. Saa tisa alikuja ofisini kutaka nibadilishe. Nikamwambia elimu haibadilishwi. Akaniita jina ambalo maana yake haihitaji daftari.

Kisha nimemwendea Aurelia, yule mjane anayetupikia uji wa asubuhi. Nimemwambia yeye ni dhahabu. Akaweka upawa chini, akanitazama sana. Akauliza, kama yeye ni dhahabu, mbona miaka mitatu hajatokea mtu wa kumwokota. Nikamweleza kitaalamu kwamba dhahabu hupatikana chini sana, kwa tabu. Akasema yeye hayuko chini, yuko hapa jikoni kila siku. Nimeandika: Aurelia, dhahabu, mwenyewe hana hakika. Alinijazia bakuli mara mbili. Nadhani alisahau kuwa amekwisha nipa.

Jumamosi, 5 Agosti.

Siku ya mafanikio! Au karibu nayo.

Bwana Jivan wa dukani amesema jina lake kwa Kihindi ni uhai. Alisema hayo akikohoa, akashika kaunta. Nimeandika tu.

Bwana Hilari, Mzungu wa karakana. Augustino anasema Hilari ni mchangamfu. Mtu huyu hajacheka tangu ashuke kwenye treni! Nilipomuuliza alinitazama kama nimemletea skrubu isiyolingana. Akasema hajui kama jina lina maana, yeye alipewa la mjomba wake, ndugu ya mama, aliyekufa katika vita vya kwanza vya Wajerumani. Nikamwambia maana yake. Akaniuliza kama nina hakika ni mchangamfu. Nikamhakikishia. Akafuta mikono kwa tambara kwa muda mrefu mno, akarudi kwenye injini yake. Kumbe Wazungu nao wana masomo! Hata Bwana Hilari, mwenye uso ule, anamshikia mtu jina.

Halafu kwa Mwalimu Abdalah, anayefundisha Kurani nyuma ya soko. Nikamuuliza jina langu. Akafikiri, akakuna ndevu, akasema Kaimu ni neno la Kiarabu, maana yake aliyesimama. Aliyesimama imara! Nimeishi miaka arobaini na miwili nikiwa nimesimama imara, wala sijui!

Nikakimbia kwa Amiri. Nikamweleza yote, pamoja na kwamba yeye Amiri ni mwenye kuamrisha, jambo ambalo Hajira alilipokea kwa mguno. Kisha nikafika kwenye K. Amiri akawaza. Akasema ni kweli, kaimu husimama, ila husimama mahali pa mwenzake. Hajira akacheka mpaka akashika tumbo.

Na kuna kizingiti. Amiri anasema kwao jina hatoi baba. Anatoa babu, siku ya saba. Baba yake, Mzee Shaban, yuko Chunyu na atakuja. Sikulala mchana.

Jumatatu, 7 Agosti.

Mpango wa chaki. Sitaki kuueleza kwa urefu.

Nilifikiri hivi. Mama mjamzito akiliona neno moja kila anapogeuka, litamwingia, na likimwingia yeye litamwingia mtoto. Nikachukua chaki ya ofisi wakati Hajira yuko mtoni, nikaandika KAIMU kwenye pipa lao la maji, kwenye mlango, kwenye kinu na kwenye mchi. Herufi kubwa, safi. Mwandiko wangu hausemwi vibaya na mtu.

Saa nne nyapara akapita. Akasoma. Akasema kama pipa ni la kaimu basi lina mwenyewe anayekuja, lisiguswe. Akaweka mtu wa kulilinda! Kinu na mchi akavibeba mwenyewe mpaka stoo, vikamngoje mhusika. Hajira akakosa maji ya kupikia na kinu cha kutwangia, na miguu yake imevimba, maskini. Amiri, asiyeruhusiwa kutoa kitu stoo bila hati, akaja kwangu, karani, nimwandikie barua ya kurudishiwa kinu chake. Nimeandika barua nzuri sana. Nikatia sahihi: Kaimu, kaimu karani. Nyapara akairudisha. Anataka sahihi ya karani mwenyewe.

Jioni nimefuta chaki kwa kanzu yangu. Hajira alikuwa amekaa kizingitini akinitazama. Akanipa kipande cha muhogo.

Alhamisi, 10 Agosti.

AMEZALIWA! NA ANAITWA KAIMU!

Wino unadondoka. Nianze mwanzo. Bibi Mwanaima, shangazi yake Amiri, dada mkubwa wa Mzee Shaban, alifika juzi kutoka Chunyu kuja kumpokea mtoto. Leo asubuhi akatufukuza wanaume wote. Mimi nilikaa juu ya debe nyuma ya nyumba. Kornel naye alikuwa ameliwasha katapila lake karibu yetu, linanguruma, analipasha moto. Nikamwomba alizime, akaniambia yeye ni pembe, hasikii.

Saa tano Amiri, aliyekwisha itwa ndani, akatoka, jasho linamtiririka, kanga ya mkewe iko begani. Akapaza sauti juu ya ngurumo ile: wa kiume! Kisha akasema, na haya niliyasikia kwa masikio yangu mawili: "Tumempa jina la kaimu!" Aliendelea kusema kitu, midomo ikicheza, katapila likamfunika. Nilikuwa nimekwisha sikia ya kutosha.

Jina la Kaimu! Bila kuombwa! Kumbe chaki ilifanya kazi!

Nimeingia ndani nikafunga mlango. Nimelia. Sioni haya kuandika, daftari hili halisomwi na mtu.

Ijumaa, 11 Agosti.

Nimechinja jogoo wangu. Ndiye niliyekuwa naye, peke yake, lakini mtu hapati somo kila siku. Aurelia akaja kunipikia ubwabwa, akaleta na boga lake. Nilialika kambi.

Nimemwambia Augustino kwanza, tena mbele za watu. Akanipa mkono. Akaniuliza taratibu kama nimesikia vizuri. Wivu! Ana watano, bado anaona wivu! Kornel alianza kucheka, kisha akanitazama usoni, akaacha, akasema ubwabwa umeiva vizuri. Watu walikula wakitazama sahani zao. Nadhani walikuwa na njaa sana. Nikasimama, imara, nikaeleza maana ya jina, nikasoma ukurasa mzima. Aurelia peke yake ndiye aliyenisikiliza mpaka mwisho.

Baada ya watu kuondoka nikaita kupitia ukuta wa matete: Somo! Hujambo, somo? Mtoto akalia kidogo. Tangu Zena aondoke sijaita mtu kwa sauti ndani ya nyumba hii. Sauti yangu ilinishtua mwenyewe.

Jumapili, 13 Agosti.

Nimempakata. Bibi Mwanaima hakupenda, lakini Hajira alimwambia aache, anipe. Ni mwepesi kuliko daftari. Ana nywele nyingi na hasira. Nikamwambia sikioni kwamba mimi ndiye yeye na yeye ndiye mimi. Akanishika kidole hiki cha kushotoni, hiki chenye wino, asikiachie.

Hajira akageuza uso, akasema moshi umemwingia machoni. Jiko halikuwa limewashwa.

Amiri alitaka kusema nami. Anaanza: kaka, ile siku katapila lilikuwa... Nikamkatiza. Nikamwambia hakuna haja ya shukrani baina yetu, sasa sisi ni ndugu. Akarudi tena jioni, akaanza tena, nikamkatiza tena. Kijana ana adabu mno.

Jumanne, 15 Agosti.

Kesho ni siku ya saba, Mzee Shaban anafika. Amiri anasema babu lazima alitamke jina ndipo liwe jina. Sawa. Basi babu apokelewe kwa heshima zote, alitamke kwa moyo mweupe. Nimetunga hotuba.

Hotuba ilipungukiwa kitu kimoja: jina la heshima la mgeni. Shaban ni mwezi tu, kila aliyezaliwa mwezi huo anaitwa Shaban. Nikamwendea Bibi Mwanaima alipokuwa akipepeta ufuta, nikamuuliza kwa Kimwera nyumbani kwao walimwita nani huyu mdogo wake. Akacheka, cheko la mtu aliyeona kitu mbali. Akasema: Jalala. Akasema waliobaki wa kumwita hivyo ni yeye peke yake.

Jalala! Kwa Kiswahili ni pa kutupia takataka, hilo haliwezekani. Nikaenda mbio kwa Mwalimu Abdalah, sikumwambia ni la nani, nikamuuliza tu maana. Akasema kwa Kiarabu jalala ni utukufu, enzi. Nikajua! Utukufu! Na dada yake tu ndiye anayeukumbuka, watu wengine wote wameusahau! Kesho nitamrudishia mzee huyu utukufu wake mbele ya kambi nzima. Halafu tuone kama atanikatalia.

Jumatano, 16 Agosti.

Niandike haraka.

Mzee Shaban alifika saa nne, kwa miguu kutoka Chunyu hadi Ruangwa, kisha lori la mihogo. Mtu mrefu, mkimya, kanzu imepigwa pasi. Watu walikaa mkekani, Mwalimu Abdalah yupo, Augustino yupo, wazee wa soko wapo. Kabla hajakaa nikatangulia. Nikasema shikamoo baba, nikafungua karatasi, nikasoma kwa sauti ya ofisini: karibu Nachingwea, karibu kwa wajukuu, karibu wewe mwenye enzi, MZEE JALALA!

Kuku wa jirani akasikika akiparura.

Bibi Mwanaima akaangusha ungo.

Kwetu kijana akitoka jandoni jina la utoto linabaki kulekule porini, na kumwita mtu mzima kwa jina hilo ni kumvua nguo hadharani. Najua! Nimepita jandoni mwenyewe! Lakini nani angewaza? Nilikuwa na daftari mkononi, nilikuwa na Kiarabu! Nikajaribu kueleza kwamba maana yake ni utukufu. Mmoja wa wazee akasema jalala ni jalala. Kornel, huyo huyo wa pembe, akaficha uso kwenye kofia, mabega yanamtikisika.

Wazee wakanitoza faini jogoo mmoja. Sina. Tumemla Ijumaa, na wao walikuwapo.

Mzee Shaban hakusema kitu. Alikaa, akampakata mtoto, akasoma dua na Mwalimu, akamnong'oneza sikioni, kisha akatamka: Yunusi.

Nikasimama. Nikasema samahani, mtoto ana jina tayari, kapewa na wazazi wake siku ile alipozaliwa. Nikamgeukia Amiri aniunge mkono. Amiri alikuwa anatazama mkeka. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba walilompa ni jina la kaimu. La kushikiza tu, mpaka babu afike. Kwamba siku ile alimaliza kusema yote hayo, katapila likamfunika. Kwamba walikuwa wakimwita Mgeni.

La kaimu. Kama daraja.

Nimeondoka kabla ya kula. Nimetembea wima mpaka mlangoni. Ndani sikuweza.

Alhamisi, 17 Agosti.

Sikwenda kazini. Hakuna aliyekuja kuuliza. Karani mwenyewe hayupo, kaimu wake hayupo, na kambi imekwenda kama kawaida. Nimesikia hata matrekta.

Nimelala nikihesabu matete ya ukuta. Upande wa pili wanaita Yunusi, Yunusi, na jina linamkaa vizuri, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Siku sita nilikuwa na mtu. Alinishika kidole. Najua alikishika kwa kuwa watoto hushika chochote. Nimekinawa kile kidole mara mbili, wino hautoki.

Amiri amekuja jioni kuomba radhi. Karibu alie. Akaniuliza kwa upole katika haya yote nimepata somo gani. Nimemwambia anajua vizuri sana kwamba sikupata somo.

Ijumaa, 18 Agosti.

Mgeni! Mzee Shaban mwenyewe, baada ya sala ya mchana. Akapiga hodi. Nikatafuta mahali pa kujificha, chumba kimoja, hakuna. Nikamwekea kiti, kiti kikiwa kimoja nikakaa juu ya debe.

Nilidhani kaja kudai jogoo. Akasema jogoo amesamehe. Akasema yeye alizaliwa baada ya kaka zake watatu kufa wachanga. Mama yake akamchukua siku hiyohiyo akamlaza jalalani, jirani akaja akamwokota kama kitu kilichotupwa, akamrudisha. Basi akaitwa Jalala, ili kifo kikimwona kidhani ni takataka, kipite. Kikapita. Jandoni aliliacha jina, lakini dada yake humwita hivyo wakiwa wawili, na dada yake amezeeka. Akasema juzi alipolisikia kinywani mwa mtu mwingine alishtuka mno, akadhani mama yake kaingia uani. Hakukasirika. Alishindwa tu kusema.

Akaniuliza nyumba hii wanakula watu wangapi. Nikasema mimi. Akatazama kile kiti kimoja.

Akasema Yunusi alikuwa baba yake, wa Ruponda. Mtu yule hakumwomba mtu ashike jina lake hata siku moja, ila barazani kwake hakukosekana watu wa kula, na alipokufa waliokula pale waligombania jina mpaka wakapewa watoto wanne. Akaniambia niache kuwinda. Akaniambia, neno kwa neno: "Mwanangu, mkeka wa Amiri una nafasi. Njoo ule nasi, leo na kesho na keshokutwa. Mengine yatajijia." Nikasema ahsante baba.

Akiwa mlangoni nikamuuliza, kwa udadisi tu, kama jina la Yunusi ndilo la mwisho kabisa. Akacheka. Akasema hakuna la mwisho, mtoto atakapokwenda jandoni ataliacha na kuchagua atakalo, kama sisi sote.

Atakalo! Yeye mwenyewe!

Mzee aliendelea kusema mambo ya ugali na mkeka, lakini kwa kweli sikuwa nasikia tena.

Jumapili, 20 Agosti.

Nimekuwa mtu mpya. Nimefungua daftari ukurasa safi, ukurasa wa J, Jando. Hesabu ni rahisi. Kazaliwa mwaka 1950, atakwenda akiwa na miaka kumi. Mimi nitakuwa na hamsini na miwili tu, na meno mengi bado. Kazi ni moja: jina limkae kichwani asijue limeingiaje, ili siku ile akiulizwa aseme Kaimu bila kufikiri. Kosa la mara ya kwanza lilikuwa haraka. Siku kumi hazitoshi, miaka kumi inatosha. Na chaki si njia, nimeona. Nitatumia sauti. Leo asubuhi Hajira alipokwenda kuanika nepi nimetamka Kaimu mara arobaini kupitia ukuta, polepole. Mtoto akapiga chafya. Nimeandika: amekubali.

Mkekani kwa Amiri sitakwenda. Wameita jana, wameita leo, Mzee Shaban mwenyewe kaita kabla ya kuondoka kurudi Chunyu. Nimejibu naumwa kichwa. Mtu akila kwao kila siku ataonekana anabembeleza, na mpango wote utajulikana.

Saa kumi na moja Aurelia kapiga hodi. Kabeba sufuria ya kunde na ugali uliofunikwa kawa, na kigoda kakibana kwapani. Akasema amepika nyingi. Akasema nyumba yangu ina kiti kimoja, basi kaja na chake. Nikamweleza kwa heshima kwamba nina shughuli, sina nafasi, namngoja mtu muhimu.

Akasimama pale na sufuria yake. Akauliza mtu huyo atafika lini, ili atubakizie chakula.

Nimemwambia mwaka 1960.